Mlezi wa Mtoto Mwenye Usonji Naye Achoka

Kipindi cha wazazi, kwa wakimbizi wa Kongo walio nchi jirani. Mazungumzo ya studio. Mzungumzaji ni mama anayeishi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kwa ombi lake, jina lake na la mtoto wake hayatajwi.

(Muziki wa kipindi. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Nakivale, Kyaka na Rwamwanja, wa Nyarugusu, wa Kakuma, na ninyi mlio kambi za Rwanda na Burundi, hamjambo. Wiki iliyopita muuguzi alitueleza usonji ni nini. Simu nyingi zilizoingia baadaye zilitoka kwa akina mama, na swali lilikuwa moja: na sisi tunaowalea, nani anatuangalia? Tumemwita mama mwenzenu ajibu. Mama, karibu.

MZUNGUMZAJI: Asante, kaka. Wazazi wenzangu, hamjambo. Wazee, shikamooni.

Nitaanza na kamba. Ilikuwa kamba ya nailoni, ya kijani, ile tunayofungia turubai. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Siku ya kugawa chakula ilikuwa imefika, baba yake amelala na malaria, nami natakiwa kwenye foleni tangu asubuhi. Mtoto haongei. Ukimwita hageuki. Ukimwachia mkono anakimbia, na akikimbia anaelekea ziwani, maana anapenda maji kuliko kitu chochote duniani. Foleni haiwezi. Kelele za watu zikizidi anajigonga kichwa chini. Majirani wote walikuwa foleni kama mimi. Basi nikamfunga mguu kwenye nguzo ya nyumba, nikamwekea maji kwenye kopo, nikaenda.

Niliporudi alasiri kopo lilikuwa limemwagika na mguu umechubuka mpaka damu. Hakuwa analia. Alikuwa amekwisha kulia zamani.

Sijawahi kuyasema haya mbele ya watu. Nayasema leo kwa sababu najua ziko nyumba nyingine zenye kamba, na mama aliye ndani ya nyumba hiyo anasikia redio hii huku ameinamisha kichwa. Mama, sikuja kukusuta. Mimi niliifunga ile kamba nikimpenda mwanangu. Nilikuwa nimechoka, sina fedha, na sina mtu. Kwa hiyo leo nitasema machache juu ya mtoto, na mengi juu ya uchovu, fedha na watu.

Machache juu ya mtoto ni haya. Usonji ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo. Hauambukizi. Hauletwi na chanjo, wala na kosa la mama wakati wa mimba, wala na jicho la jirani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu watoto waliopo shuleni kwenu, utaona kwamba hauko peke yako. Hakuna dawa inayouondoa. Lakini mtoto mwenye usonji anaweza pia kuwa na kifafa, na kifafa kina dawa, tena mara nyingi ni za bei ndogo. Akianguka au akikodoa macho kama hayupo, mpeleke kituo cha afya. Masikio nayo yapimwe, kwa sababu mtoto asiyegeuka akiitwa huenda kweli hasikii.

Sasa fedha. Nataka kuanza na zile tulizonazo na tunazipoteza.

Mimi nilivuka mpaka pale Bunagana mwaka 2012 nikiwa na mimba yake. Alipofika miaka mitatu bila kusema neno, mama mkwe wangu akasema mtoto amechukuliwa kule msituni tulikolala njiani, na mimi ndiye niliyepita mahali pasipopitwa. Nikaamini. Mtu ukisemwa sana unaamini. Tukauza mbuzi wawili, tukauza na vitenge vyangu vya arusi, tukampa mganga shilingi laki tatu za Uganda. Akamchanja mtoto kifuani. Baadaye tukaenda kwa mtu mwingine aliyejiita mwombezi. Huyo akataka mtoto afunge kula siku tatu. Siku ya pili nikamnyakua mwanangu nikatoka. Mimi namwomba Mungu kila siku, asubuhi na jioni, na sijawahi kudaiwa risiti.

Baadaye nilijifunza jambo lililonipa pumzi. Mwaka 1943 daktari mmoja huko Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa hivi hivi kama wangu. Na kwa miaka mingi baada ya hapo, madaktari wenyewe, wenye hospitali na vitabu, walisema kosa ni la mama: kwamba hakumpenda mtoto, alikuwa baridi kama barafu. Mpaka mwaka 1964 msomi aitwaye Bernard Rimland, ambaye naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alipoandika kitabu kuonyesha kwamba chanzo kiko kwenye mwili, hakiko kwenye upendo wa mama. Kumbe hata wazungu walimsingizia mama. Nilicheka siku ile, nikalia pia.

Wako pia madalali. Hawa ni wabaya kwa sababu wanaongea vizuri. Anakuja nyumbani, anamwangalia mtoto, anasema: "Mama, mtoto kama huyu ni safari. Nipe laki moja nipeleke faili lako, mtaenda Ulaya." Nisikilizeni. Kuandikishwa, kuonana na ofisi, kupewa fomu, vyote vya UNHCR ni bure. Kuhamishiwa nchi ya tatu kunauzwa na matapeli tu. Ulemavu wa mtoto unaandikwa kwenye faili na unaweza kuangaliwa, lakini si tiketi, na nafasi zenyewe ni chache mno. Najua familia iliyokaa miaka minne bila kulima shamba lake wala kumzoesha mtoto kwenda chooni, kwa sababu dalali aliwaambia safari ni mwezi ujao.

Haya, tuziache zilizopotea. Tuhesabu zile ambazo mtoto anazitumia kweli, maana hizi hakuna anayezihesabu, hata sisi wenyewe.

Siku moja mfanyakazi wa jamii alikaa nami chini ya mwembe na daftari. Akaniuliza: mtoto huyu anakugharimu nini kwa mwezi, ambacho wale wengine hawakugharimu? Nikasema hakuna. Akasema tuanze na sabuni. Kweli, sabuni. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa bado anajichafua, nafua kila siku, vipande vinne vya sabuni kwa mwezi zaidi ya jirani. Ndala anazitupa ziwani. Godoro limeoza kwa mkojo. Tukaja kwenye chakula. Mwanangu hali posho. Hali maharage. Ukimlazimisha anatapika. Anakula wali mweupe na viazi, basi. Tulipokuwa tukipewa unga, nilikuwa nauza kilo tano za unga nipate kilo mbili za mchele, na mchuuzi anajua nina shida kwa hiyo ananipunja. Halafu kibarua. Wenzangu wanakwenda kulima kwenye mashamba ya watu, wanarudi na elfu tano kwa siku. Mimi nabaki nyumbani. Siku kumi kwa mwezi nisizokwenda ni elfu hamsini ambazo hazikuingia.

Tulipojumlisha nilinyamaza. Miaka yote nilikuwa nadhani mimi ni mama nisiyejua kupanga matumizi.

Mzazi, fanya hesabu hiyo. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wa shule akuandikie. Karatasi hiyo ina kazi. Nilikwenda nayo kwenye dawati la ulinzi. Awali nilikuwa naenda pale nasema "nateseka", na kila aliye kwenye benchi anateseka. Safari hii nikasema: mtoto ana ulemavu huu, anahitaji hivi, mimi siwezi hivi. Wakaandika kwenye faili la familia kwamba tuna mtoto mwenye mahitaji maalumu. Wakaniandikia mtu wa pili wa kupokea mgao kwa niaba yangu, ndugu wa mume wangu, kwa hiyo ile foleni iliyonifungisha kamba ikawa haiko tena juu yangu. Walinipa godoro mara moja, na sabuni ya ziada miezi fulani. Fedha mkononi hawakunipa, sitawadanganya.

Lakini faili lenyewe ni mali. Tangu mwaka 2023 hapa Uganda WFP inagawa msaada kwa makundi, kulingana na hali ya kila kaya. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, kaya nyingi sana ziliondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Ikiwa mtoto wako hajaandikwa popote, kwenye karatasi nyinyi ni kaya ya watu wazima wenye nguvu na mtoto mmoja mzima. Nenda uangalie faili linasema nini. Ukiona kosa, uliza utaratibu wa kukata rufaa, na namba ya simu ya bure ya malalamiko imebandikwa kwenye mbao za matangazo. Walio Kenya na Tanzania, taratibu zenu ni nyingine, ila swali la kuuliza ni hilo hilo: mwanangu ameandikwaje?

Na ukiwa pale, usiombe kama mwizi. Uko mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006. Uganda, Kenya na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009, Burundi 2014, na nchi yetu Kongo 2015. Ibara ya 28 inataja familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu, kwamba zisaidiwe gharama zinazotokana na ulemavu huo. Inataja mafunzo, ushauri, msaada wa fedha, na kitu cha nne ambacho niliposomewa niliomba kirudiwe: huduma ya kumpokea mlezi ili apumzike. Kupumzika kwangu kumeandikwa! Mkataba hauleti mchele, najua. Lakini siku viongozi na mashirika wanapokaa na sisi kupanga bajeti, mtu anaweza kusimama akasema ibara ya 28, na mwenye kalamu atainua macho.

Sasa watu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kamba ilipofunguka.

Kwenye benchi la kituo cha afya nilikutana na mama mwingine wa Masisi, mwanawe wa kike ana miaka sita, anajizungusha na kuimba sauti moja mchana kutwa. Tukatazamana. Hakuniuliza "ana nini?" Aliniuliza, "Wako analala?" Nikasema halali. Akasema wangu pia. Mimi na yeye tukaanza. Baadaye akaja wa tatu, mama wa Burundi.

Tunabadilishana zamu. Jumatatu na Alhamisi asubuhi watoto wote watatu wako kwangu. Jumanne na Ijumaa kwa mama wa Masisi. Jumatano na Jumamosi kwa mama wa Burundi. Kwa hiyo kila mmoja ana asubuhi nne kwa wiki ambazo mikono yake ni yake. Hatulipani fedha.

Msikurupuke lakini. Sisi tulichukua miezi miwili. Mwanzoni nilikaa pale na mwanangu nusu saa, nikaondoka naye. Kisha saa moja. Kisha nikatoka nje ya uzio nikarudi. Watoto hawa wakibadilishiwa mambo ghafla wanavurugika. Kila mama alieleza mambo ya mtoto wake: anakula nini, anaogopa nini, akitaka choo anafanyaje. Wangu akitaka choo anavuta sikio. Ni nani angejua? Anakwenda na kitambaa chake kile kile na kopo lake lile lile. Tulijenga uzio wa matete, akina baba wakasaidia. Na tuna sheria isiyovunjwa: mtoto haachwi na mtu mmoja tusiyemjua, awe mwanamume awe mwanamke, na mtoto akirudi na alama mwilini inasemwa siku hiyo hiyo. Watoto wasioongea hawawezi kushitaki. Sisi ndio mdomo wao.

Kwa yule anayekimbia, tumeshona ndani ya kila shati kipande cha kitambaa chenye jina la kijiji na namba ya nyumba. Wavuvi pale ziwani wanajua. Wamenirudishia mwanangu mara mbili.

Ile asubuhi ya kwanza ya kuwa huru, mnadhani nilifanya nini? Nililala. Nililala mpaka adhuhuri, na nikaona haya kusema. Mama wa Masisi akaniambia na yeye alilala.

Baada ya usingizi ndipo kazi ilipowezekana, na kazi ikaleta kikundi cha akiba na mkopo. Kwetu Kongo tunaita AVEC, wengine wanasema likelemba ingawa likelemba ni ya kupokezana tu. Mtindo huu wa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ulianza Niger mwaka 1991, wanawake wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE. Zamani niliwahi kuwa mwanachama wa kikundi kimoja. Kilinitoa. Nilikuwa nachelewa, natozwa faini, nachelewa tena, mpaka faini zikala hisa zangu. Siku niliyokwenda na mtoto akapiga mayowe, mwenyekiti akasema kikundi si hospitali.

Kikundi cha sasa tuko kumi na wanane, sita tuna watoto wenye ulemavu. Tulikaa tukabadilisha sheria kabla ya kununua hisa ya kwanza. Mlezi hatozwi faini ya kuchelewa, na anaweza kutuma hisa yake kwa mwenzake, mradi daftari lisainiwe mbele ya wote. Mkutano ni kwenye ua wenye uzio. Mfuko wa jamii unatoa elfu ishirini bila riba mtoto akiumia au akihitaji nauli ya hospitali. Wale kumi na wawili wasio na watoto kama wetu walikubali. Mmoja alinung'unika, mpaka mjukuu wake alipoungua na uji.

Hisa ni elfu mbili. Mimi nilinunua moja kila wiki. Wiki arobaini na nane ni elfu tisini na sita, na faida juu yake siku ya kugawana. Katikati nilikopa laki moja, nikarudisha kwa miezi mitatu. Nilinunua karanga zenye maganda. Nasema karanga kwa sababu mzazi kama mimi hawezi kuchagua biashara kama watu wengine. Kukaanga sambusa na mtoto anayekimbia ni hatari. Kukaa sokoni siwezi. Karanga zinabanguliwa nyumbani, ukiitwa unaacha, ukirudi zipo. Na mwanangu akawa anapenda kubangua! Anapenda ule mlio wa ganda. Anakaa saa nzima ametulia, anatenga maganda huku na mbegu huku, mbegu moja moja kwa mstari. Nyingine anatia mfukoni. Sijali.

Nisisahau baba. Mume wangu alikuwa anatoka asubuhi anarudi usiku, nami nikidhani ametuchoka. Siku moja akaniambia alikuwa anaona haya kwa kushindwa kumtuliza mwanawe. Sasa jioni ni yake. Anamwogesha, na kwa maji huyu mtoto hana ugomvi na mtu. Akina baba, msingoje kuombwa. Chukua saa moja iliyo yako kila siku, mama aijue.

La mwisho ni zito. Ulipita wakati nilitamani sote wawili tusiamke. Nilisimama kando ya ziwa na mawazo hayo. Kama wewe uko hapo leo, usikae na jambo hilo peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja, hata jirani, kisha kesho kituo cha afya, sema neno hilo hilo bila kulipamba. Watakupokea. Uchovu wa namna hii unatibika kuliko tunavyodhani. Kule Rhino Camp, kaskazini ya nchi hii, karibu wanawake 700 wakimbizi kutoka Sudan Kusini walishiriki kwenye utafiti. Sehemu yao walikaa kwenye vikundi mara tano, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa juu ya kukabili msongo wa mawazo. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: wale waliosikiliza walipata nafuu kuliko wenzao. Mafunzo yalikuwa ya mambo madogo. Moja nalifanya mpaka leo, mtoto anapopiga kelele na mimi nataka kupiga zaidi. Nasukuma miguu yangu ardhini. Navuta pumzi taratibu, naitoa taratibu zaidi. Natazama vitu vitatu vilivyo karibu navyo navitaja kimoyomoyo: sufuria, mlango, kuku. Kelele haijaisha, lakini mimi nimerudi. Ulizeni pia kama mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani yamefika kwenu. Yana masomo tisa ya kikundi na kutembelewa nyumbani mara tatu. Kama hayajafika, waambieni tumesikia yapo.

MTANGAZAJI: Mama, dakika zetu zimebaki mbili. Mwenzetu aliyepiga simu kutoka Kyaka anauliza: yeye hana mama wa Masisi. Amtafute wapi?

MZUNGUMZAJI: Mwambie aende kwa mhudumu wa afya wa kijiji chake. Yule anapita nyumba kwa nyumba, anajua watoto wanaofichwa. Asitajiwe majina ya watu, hiyo ni siri yao. Amwombe apeleke ujumbe tu: kuna mama fulani ana mtoto kama wako, angependa mkae pamoja. Mmoja atakubali. Wakikutana, wasianze na ugonjwa. Aulize kama mtoto analala.

Na sasa mniwie radhi, kaka, leo ni Alhamisi. Dada yangu anawashikia watoto watatu kwangu, na yule wa kuimba hamzoei mgeni kupita saa nne.

(Muziki unapanda.)